Unga usiotandazika sawasawa: kabla ya kununua rola mpya

Swali: Nimejitengenezea mashine ya gharama nafuu ya kujenga vielelezo tabaka kwa tabaka. Ina masanduku mawili yenye pistoni, moja la akiba ya unga na jingine la kujengea kielelezo, rola ya bomba la alumini, na kichwa cha printa ya wino kinachonyunyiza maji yenye spiriti kidogo juu ya plasta iliyochanganywa na sukari ya unga. Natandaza matabaka ya milimita 0.1. Uso wa unga unatoka na mifereji inayofuata mwendo wa rola, upande wa mwisho wa sanduku unga haufiki vizuri, na matabaka ya kwanza ya kielelezo husukumwa na rola mpaka umbo linapinda. Je, ninunue rola ya chuma iliyosuguliwa kiwandani, au nisage unga uwe laini zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa sasa usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kusaga unga zaidi kutaongeza tatizo lako, na rola mpya huenda ikaondoa sehemu ndogo tu ya kasoro ulizozitaja, kwa sababu kasoro hizo tatu zina vyanzo vitatu tofauti na ni kimoja tu kinachoweza kuuhusu uso wa rola. Njia unayoitumia ilibuniwa na Emanuel Sachs na wenzake katika chuo cha MIT, nchini Marekani. Hataza yao iliombwa mwaka 1989 na kutolewa mwaka 1993, na baadaye kampuni ya Z Corporation ikauza mashine zilizotumia unga wenye msingi wa plasta, kama wako, kwa matabaka ya takriban milimita 0.1. Anayeiga mashine hizo kwa kawaida huiga sanduku, rola na kichwa cha kuchapia, kisha huweka ndani yake plasta ya ujenzi jinsi ilivyotoka mfukoni. Unga wa mashine zile ulitayarishwa mahususi kwa kutandazwa, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote.

Tuanze basi na unga wenyewe. Chembe ya unga huvutwa chini na uzito wake, na wakati huohuo hunatana na jirani zake kwa nguvu ndogo za mvutano kati ya molekuli, pamoja na unyevu na umeme tuli. Uzito hupungua kwa mchemraba wa kipenyo, ilhali nguvu ya kunata hupungua kwa uwiano wa kipenyo chenyewe tu. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, uzito unabaki sehemu moja ya nane lakini kunata kunabaki nusu, maana yake ni kwamba kunata kumeongezeka mara nne kikilinganishwa na uzito. Kwa unga mwingi mkavu, mpaka wa hatari huanza mahali fulani kati ya mikromita 50 na 30; chini ya hapo chembe huacha kutiririka moja moja na kuanza kwenda kwa mabonge. Plasta ya kawaida ina chembe nyingi zilizo chini ya mpaka huo tayari, na sukari ya unga ndiyo zaidi, kwani juu ya ulaini wake hufyonza unyevu wa hewa kwa haraka. Ukiusaga mchanganyiko huo tena utapata unga unaoonekana mzuri mkononi na usiotandazika kabisa chini ya rola.

Mifereji unayoiona ikifuata mwendo wa rola karibu daima husababishwa na bonge au chembe kubwa iliyokwama mbele ya rola na kuburutwa juu ya uso. Kanuni ya kazi ni kwamba unene wa tabaka uwe angalau mara mbili ya chembe kubwa kabisa iliyomo kwenye unga, na ikiwezekana mara tatu. Kwa tabaka la milimita 0.1, hilo linadai usiwemo unga wowote unaozidi mikromita 50, na kuchekecha plasta kavu kwa chekecheo la matundu madogo kiasi hicho ni kazi inayochosha mno, kwa kuwa unga huziba matundu. Ndiyo maana nashauri uanze na tabaka la milimita 0.2 na chekecheo la matundu ya milimita 0.1. Najua hili halifurahishi, kwa sababu wengi wetu huupima ubora wa mashine kwa wembamba wa tabaka lake. Lakini tabaka nene lililo sawa kila mahali hutoa kielelezo bora kuliko tabaka jembamba lenye mashimo, na ukishapata usawa unaweza kurudi chini kidogo kidogo.

Kabla na baada ya kuchekecha, pima mtiririko. Chukua silinda ya kupimia yenye alama za mililita, mimina unga polepole kupitia chekecheo hadi mililita 100 bila kuutikisa, kisha gonga silinda juu ya meza yenye kitambaa mpaka kimo cha unga kisishuke tena. Gawanya ujazo wa kwanza kwa ujazo wa mwisho. Ikiwa unga umeshuka hadi mililita 82, jibu ni takriban 1.22, nao ni unga unaotiririka vizuri. Ukishuka hadi mililita 74, jibu ni 1.35, na utaanza kuona matatizo, ukizidi 1.4 ni unga unaonata, na hakuna rola itakayouokoa. Kipimo hiki kinaitwa uwiano wa Hausner na hutumika viwandani kila siku. Thamani yake kwako ni kwamba kinakuwezesha kulinganisha mchanganyiko mmoja na mwingine bila kuiwasha mashine.

Uwiano ukitoka mbaya, dawa ya kwanza ni kukausha. Tandaza unga kwenye sinia pana na uuache katika joto la nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha uufungie kwenye chombo kisichopitisha hewa ukiwa bado una uvuguvugu. Usipandishe joto kwa kutaka haraka, maana sukari huanza kushikamana na plasta nayo hubadilika kikemia inapochomwa sana. Dawa ya pili ni kupunguza sehemu ya sukari, au kuibadilisha kwa kiunganishi kikavu chenye chembe kubwa kidogo, kama vile maltodekstrini. Dawa ya tatu ni kuongeza silika laini sana itengenezwayo katika mwali wa moto, ile inayotumiwa kuzuia vyakula vya unga visigande. Chembe zake hukaa juu ya uso wa chembe kubwa na kuzitenganisha, hivyo kunata hupungua ghafla. Anza na asilimia 0.2 kwa uzito na usizidi 0.5, kwa kuwa ikizidi hupunguza ushikamano wa kielelezo kilichokauka. Changanya kwa kupitisha kila kitu katika chekecheo mara mbili au tatu; kukoroga kwa kijiko hakutoshi. Katika kazi hii yote vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na kumbuka kuwa vumbi la sukari au wanga likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo usichekeche karibu na moto wala mota inayotoa cheche.

Sasa tuje kwenye upande wa mwisho usiopata unga. Hapa suala ni hesabu. Tuseme sanduku la kujengea lina urefu wa milimita 150 na tabaka ni milimita 0.2. Kwa kila milimita moja ya upana, rola inahitaji kuacha nyuma yake milimita za ujazo 30 za unga. Ikiwa sanduku la akiba lina ukubwa uleule nawe unaipandisha pistoni yake milimita 0.2 kamili, umeleta kiasi hichohicho na hakuna ziada, ilhali kuna unga unaomwagika pembeni, unaobaki kwenye ukingo kati ya masanduku, na unaorushwa kama vumbi. Ni lazima mwisho ubaki mtupu. Lakini hata kama unga ungetosha kwa hesabu, bado usingekuwa sawa, kwa sababu kichuguu cha unga kinachosukumwa mbele ya rola ndicho kinachougandamiza unga ulio chini yake, na kadiri kinavyopungua njiani ndivyo mgandamizo unavyopungua. Mwanzo wa sanduku unakuwa mgumu, mwisho unakuwa tifutifu, na kielelezo kilichojengwa katikati kinapinda kinapokauka.

Ndiyo maana ziada inatakiwa iwe kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ukileta mara mbili ya hitaji, kichuguu kinaanza na 60 na kumalizika na 30, yaani kimepungua kwa nusu. Ukileta mara tatu kinaanza na 90 na kumalizika na 60, yaani kimepungua kwa theluthi moja tu. Weka chombo cha kupokea ziada mwishoni mwa safari, na usione unga huo kuwa hasara, kwani unarudi kwenye akiba baada ya kuchekechwa. Hakikisha pia kwamba unga ulio ndani ya sanduku la akiba umejazwa kwa kuchekechwa na kusawazishwa kila baada ya sentimita chache za kimo, la sivyo kila kupanda kwa pistoni kutaleta kiasi tofauti hata kama skrubu ni sahihi kabisa.

Ikiwa uko tayari kubadilisha muundo, yapo maboresho ninayoyapenda kuliko sanduku la akiba lenye pistoni, nayo ni kisanduku cha kulishia kinachosafiri pamoja na rola, mbele yake, chenye wavu kama sakafu na mota ndogo ya mtetemo ya aina inayotumika kwenye simu. Unga unaonata kidogo hujenga matao madogo juu ya matundu ya wavu na hausongi. Mota ikiwaka matao yanavunjika na unga unanyesha, mota ikizimwa yanajijenga upya na unga unasimama. Tabia ileile iliyokusumbua mbele ya rola inakuwa vali isiyohitaji mlango wa kufungua na kufunga. Kichuguu mbele ya rola hubaki na ukubwa karibu uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo tofauti ya mgandamizo niliyoieleza inapungua sana. Jaribu nyavu zenye matundu kati ya milimita 0.3 na 0.6, pima kwa mizani gramu zinazoshuka kwa sekunde 10 katika kila kiwango cha umeme wa mota, na uchague kiwango ambacho vipimo vinavyorudiwa havitofautiani sana. Kisanduku kikae juu ya vipande vya mpira laini, maana mtetemo ukifika kwenye sanduku la kujengea utaushindilia unga mahali pamoja na kuviyumbisha vielelezo.

Kuhusu rola yenyewe, jambo la kwanza la kuuliza ni inazunguka upande gani. Rola inayojiviringisha kwa uhuru, kama gurudumu linalokwenda mbele, huvuta unga chini yake na kuubana. Unga unaobanwa husukuma pembeni, na kielelezo kilichozikwa chini huburutwa nao. Rola inatakiwa ijizungushe kinyume cha mwendo wake, ili uso wake wa mbele upande juu na kuurusha unga wa kichuguu kwenda mbele. Unga ulio kwenye mwendo hutiririka kirahisi, na msuguano juu ya tabaka la chini unapungua. Kasi ya uso wa rola iwe mara kadhaa ya kasi ya kusafiri: rola ya kipenyo cha milimita 20 ikizunguka mara 200 kwa dakika, uso wake huenda milimita 209 kwa sekunde, na ikiwa inasafiri milimita 20 kwa sekunde uwiano ni karibu kumi kwa moja, ambao ni mwanzo mzuri. Usiharakishe safari. Kasi kubwa ya kusafiri huongeza vumbi na huacha mashimo, na muda unaookolewa ni mdogo ukilinganishwa na muda wa kuchapa tabaka.

Alama zenyewe zitakuambia kama rola ina kosa. Mifereji inayofuata mwendo hutokana na bonge, chembe kubwa au jeraha kwenye uso wa rola. Jeraha litaonekana kwa kuwa mfereji unakuwa mahali palepale katika kila tabaka. Mawimbi yanayokatiza mwendo, yenye nafasi sawa kati yao, ndiyo ushahidi wa rola iliyopinda au isiyozunguka katikati ya mhimili wake. Kwa kasi nilizozitaja, rola husafiri milimita 6 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mawimbi yatakuwa na nafasi ya milimita 6. Ongeza mzunguko hadi 400 kwa dakika, na nafasi ikishuka hadi milimita 3 umeshampata mhalifu. Pima kwa geji ya saa, yaani kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana, ukizungusha rola ikiwa imekaa kwenye beringi zake mwenyewe. Ikiyumba chini ya milimita 0.03 iache ilivyo. Ikizidi hapo, fundi wa mashine ya kukereza ataikereza bomba lako, na gharama itakuwa ndogo kuliko ya rola mpya. Mng'ao wa uso hauna umuhimu mkubwa. Ila unga ukiganda kwenye rola, weka nyuma yake ukanda wa plastiki laini wa kuifuta, na uiunganishe rola na fremu ya chuma iliyounganishwa ardhini ili umeme tuli upate pa kwenda.

Huenda kosa lingine limejificha kwenye pistoni. Skrubu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya printa za bei nafuu husogea milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Mota inayogawanya mzunguko mmoja katika hatua 200 inakupa hapo milimita 0.04 kwa hatua, na tabaka la milimita 0.1 linadai hatua mbili na nusu. Kuigawanya hatua kwa umeme hakusaidii sana wakati pistoni inabanwa na pamba ya kuzuia unga, kwa sababu itakaa bila kusogea kisha iruke. Skrubu ya kawaida ya M8 (yenye kipenyo cha milimita 8) husogea milimita 1.25 kwa mzunguko, yaani milimita 0.00625 kwa hatua, na tabaka la 0.1 linakuwa hatua 16 kamili. Ni nafuu na ni sahihi zaidi, ingawa ni ya polepole. Weka geji ya saa juu ya bamba la pistoni, iamuru ishuke mara ishirini, na uandike kila mshuko mmoja mmoja. Jumla iliyo sahihi haikuhakikishii kitu, kwani pistoni inayokwama tabaka moja na kuruka mbili tabaka linalofuata hutoa jumla nzuri na kielelezo kibovu.

Limebaki la matabaka ya kwanza kusukumwa, nalo lina maelezo ambayo watu wengi huyakosa. Unga unapoloweshwa hunywea. Tuseme kila tabaka lililoloweshwa hubaki na asilimia 80 ya kimo chake. Tabaka la kwanza la milimita 0.1 litashuka na kuacha nafasi ya 0.02 juu yake, kwa hiyo tabaka la pili litakuwa la 0.12, la tatu 0.124, na baada ya hapo unene hutulia kwenye 0.125. Programu yako haijui hayo na hunyunyiza kiasi kilekile cha kimiminika tangu mwanzo, hivyo tabaka la kwanza hupata robo zaidi ya kile ambacho matabaka ya baadaye hupata kwa kila gramu ya unga. Linakuwa tope, linanata kwenye rola, na halina mizizi chini yake. Tandaza kwanza unga mtupu wa kimo cha milimita 3 au 4, punguza kimiminika kwa karibu moja ya tano katika tabaka la kwanza na kidogo kuliko hapo katika la pili, na uache muda wa kukauka kabla rola haijapita tena. Kama kielelezo ni chembamba, chapa chini yake bamba pana lililotenganishwa nacho kwa matabaka machache ya unga mkavu. Bamba hilo huupa unga ulio juu yake msingi usioteleza. Vilevile, rola inaporudi mwanzoni bila unga, shusha sanduku la kujengea nusu milimita ili isiguse chochote, kisha lipandishe. Mwendo wa mwisho wa pistoni uwe daima wa upande mmoja, ili mwanya wa skrubu, yaani ulegevu kati yake na nati, usiingie kwenye unene wa tabaka.

Ili kujua kama marekebisho yamefaulu, macho hayatoshi. Mulika uso wa unga kwa taa iliyolazwa karibu na usawa wake, ambapo mfereji mdogo kabisa utatoa kivuli; hilo ni la ukaguzi wa kila tabaka. Kwa kipimo cha kweli, chapa vikombe vidogo vyenye kuta nyembamba katika pembe nne za sanduku na katikati, viache vijijaze vyenyewe kwa unga mkavu wakati wa kujengwa, kisha upime uzito wa unga uliomo katika kila kimoja na ugawanye kwa ujazo wake. Kikombe cha mwanzo wa safari kikiwa kizito kuliko cha mwisho, ongeza ziada ya unga au punguza kasi ya kusafiri. Cha kushoto kikitofautiana na cha kulia, rola haiko sambamba na bamba, na utairekebisha kwa bamba nyembamba za kupimia mwanya. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ukianza na unga, kisha kiasi kinachotandazwa, kisha pistoni, na rola ije mwisho.

Unga uliobaki baada ya kazi usiurudishe wote kwenye akiba bila kuuangalia. Ule uliokuwa karibu na kielelezo umefyonza mvuke, na plasta yake imeanza kuganda kwa chembe ndogo zisizoonekana. Uchekeche, uukaushe, upime uwiano wake tena, na uuchanganye na unga mpya kwa kiasi ambacho hakitapandisha uwiano huo juu ya ule uliokwisha kuuzoea.